Chaji Chanya Isiyotokana na Haidrojeni: Uchambuzi wa Kisa cha Unga wa Nanoalmasi Uliochakatwa kwa Plazma

Kuhusu kisa

Kisa hiki kinatoka katika maabara moja ya utafiti wa nyenzo iliyokusudia kubadili uso wa chembe za nanoalmasi (almasi ndogo mno, za nanomita chache) kwa plazma ya haidrojeni (gesi iliyotiwa nguvu hadi sehemu yake ikawa elektroni na ioni), ikapata matokeo yaliyoonekana kuwa mazuri kwa kila kipimo kilichotumika, kisha ikagundua kwamba sehemu kubwa ya unga wake haikuwa na uso uliodhaniwa. Jina la maabara, mahali ilipo, wahusika na muundo mahususi wa mtambo vimeondolewa. Nilishirikishwa baada ya tatizo kujitokeza, ili kupitia daftari za kazi na data ghafi, na simulizi inafuata mpangilio wa matukio kama ulivyoandikwa humo.

Usuli

Nanoalmasi zilizotumika ni zile zinazozalishwa kwa mlipuko, njia iliyogunduliwa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1963. Mchanganyiko wa vilipuzi, kwa kawaida TNT na heksojeni, hulipuliwa ndani ya chumba kilichofungwa chenye upungufu wa oksijeni, na sehemu ya kaboni iliyomo ndani ya vilipuzi vyenyewe hugeuka kuwa almasi kwa muda mfupi sana ambao shinikizo na joto huwa juu vya kutosha. Masizi yanayobaki huoshwa kwa asidi kali au kuunguzwa taratibu hewani ili kuondoa kaboni isiyo almasi na mabaki ya metali. Chembe moja moja huwa na kipenyo cha nanomita 4 hadi 5, lakini mara chache hukutwa zikiwa pekee, kwa kuwa hushikamana kwa nguvu na kuunda mabonge ya makumi au mamia ya nanomita.

Usafishaji huo huacha alama yake juu ya uso. Unga unaofika maabara huwa umejaa makundi ya kaboksili, ketoni, haidroksili, etha na anhidridi, yote yakiwa na oksijeni, na uwiano wake hutofautiana kati ya mzalishaji mmoja na mwingine, na wakati mwingine kati ya fungu moja na jingine la mzalishaji yuleyule. Ndani ya maji, kaboksili hupoteza protoni na chembe hubaki na chaji hasi. Potenshali zeta (kipimo cha chaji ya chembe zilizo ndani ya kimiminika) ya unga ulionunuliwa ilikuwa hasi kwa kiwango kikubwa katika pH karibu na 7, jambo la kawaida kwa nanoalmasi zilizooksidishwa.

Maabara ilihitaji kitu cha aina nyingine. Mpango ulikuwa kupandikiza juu ya almasi mnyororo wa kaboni wenye bondi maradufu upande mmoja na kundi la amino upande wa pili, kwa msaada wa mwanga wa urujuanimno. Mmenyuko huo unafahamika vizuri katika tabaka nyembamba za almasi, lakini una sharti lake: uso uwe umefunikwa kwa haidrojeni iliyofungwa moja kwa moja kwenye kaboni ya almasi. Kwa hiyo oksijeni ilipaswa kuondolewa na haidrojeni kuchukua nafasi yake. Amino ililindwa kwa kundi lenye atomi tatu za florini, chaguo lililokuja kuwa na manufaa ambayo hakuna aliyeyatarajia, kwa sababu florini haikuwepo katika unga wa awali na huonekana waziwazi katika vipimo vya uso.

Kwa nini plazma

Njia mbili zilijadiliwa mwanzoni. Ya kwanza ilikuwa kupasha unga katika tanuri lenye gesi ya haidrojeni kwa saa kadhaa, na ya pili plazma ya maikrowevu ya gigahertzi 2.45 ndani ya mrija wa kwatzi. Maabara ilichagua plazma kwa hoja ambayo, ikisimama peke yake, ni sahihi. Bondi ya molekuli ya haidrojeni huhitaji takriban elektronivolti 4.5 ili ivunjike, na tanuri la joto la wastani halizalishi atomi huru za haidrojeni kwa kiasi cha maana. Ndani ya plazma, elektroni zilizopata nguvu kutoka kwa maikrowevu hugonga molekuli na kuzivunja, hivyo atomi huru hupatikana hata pale ambapo gesi yenyewe haina joto kali kiasi hicho. Atomi hizo hunyofoa oksijeni, hujaza nafasi zilizoachwa wazi, na hula kaboni ya grafiti haraka kuliko zinavyokula almasi. Tabia hiyo ya mwisho ndiyo inayowezesha almasi kukuzwa kutoka kwenye gesi, na watu waliowahi kufanya kazi na tabaka za almasi huiamini kama kinga: wanajua kwamba grafiti ikijitokeza, plazma itaifuta.

Mtambo uliokuwepo ulikuwa umetumika kwa miaka kwenye vipande bapa, na mazoea ya vipande bapa yakahamia kwenye unga pamoja na mtambo. Kipimo cha gesi, shinikizo, nguvu na muda vilirekebishwa kidogo tu. Unga uliwekwa katika kidau cha kwatzi, ukasawazishwa kwa spatula, ukaingizwa katikati ya mrija.

Mfuatano wa matukio

Mafungu ya kwanza yalikuwa ya miligramu chache, na yalitoka vizuri. Potenshali zeta iligeuka kutoka hasi kuwa chanya, mtawanyo ndani ya maji ukakaa bila kushuka chini kwa siku kadhaa, na katika infraredi, kipimo kinachotambua bondi kwa mwanga zinaoufyonza, mkanda wa C=O (kaboni na oksijeni) uliokuwa juu kidogo ya 1700 cm⁻¹ ulipungua sana huku mikanda ya C–H (kaboni na haidrojeni) kati ya 2800 na 3000 cm⁻¹ ikiongezeka. Upandikizaji wa majaribio ulifanyika na florini ikaonekana. Kiongozi wa mradi aliidhinisha utaratibu huo na kuagiza kiasi kiongezwe, kwa kuwa kundi la pili la watafiti, lililosimamia upandikizaji, lilihitaji unga mwingi zaidi kwa kila jaribio.

Kiasi kikaongezwa mara nyingi zaidi ya kile cha mwanzo, ndani ya kidau kilekile. Muda wa plazma nao ulirefushwa, kwa dhana kwamba unga mwingi unahitaji muda mrefu. Ili kuokoa nafasi kwenye kifaa cha infraredi, ambacho maabara ilikitumia kwa pamoja na wengine, uamuzi ulifanywa kwamba potenshali zeta iwe kipimo cha kila fungu, na vipimo vingine vifanywe kwa mafungu machache ya kuchagua. Uamuzi huo uliandikwa na sababu yake ikaandikwa: kipimo cha zeta ni cha haraka, kinatumia unga kidogo mno, na kilikuwa kimeonyesha mabadiliko ya wazi katika kila fungu lililofanikiwa.

Mafungu makubwa yote yalitoa zeta chanya. Mawili yaliyochaguliwa kwa uchunguzi wa ziada yalipelekwa kwenye spektroskopia ya elektroni zinazong'olewa kwa eksirei, inayoonyesha elementi zilizopo juu ya uso, nako oksijeni ilikuwa imeshuka kama ilivyotarajiwa. Kwa infraredi, mikanda ya C–H ilikuwepo. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kusita, na unga ukakabidhiwa kwa kundi la pili.

Upandikizaji ukashindikana. Haukushindikana kabisa, na hilo ndilo lililochelewesha utambuzi: florini ilionekana, lakini kidogo, na kiasi chake kilibadilika ovyo kati ya sampuli za chupa moja. Kundi la pili lilishuku taa ya urujuanimno, likaibadilisha. Likashuku usafi wa molekuli ya kupandikiza, likaisafisha upya. Likashuku oksijeni iliyoyeyuka ndani ya mchanganyiko, likaongeza muda wa kupitisha gesi ya agoni. Marekebisho hayo yote yalikuwa ya busara, na yote yaligusa kila kitu isipokuwa unga, kwa kuwa unga ulikuwa na cheti: zeta chanya.

Dalili ya kwanza kwamba tatizo liko kwenye unga haikutoka kwenye chombo chochote. Fundi aliyekuwa akipakua kidau aliona kwamba unga haukuwa na rangi moja. Tabaka la juu kabisa lilikuwa la kijivu kama unga wa awali, au jeusi kidogo tu. Chini yake, alipokwangua kwa spatula, palikuwa na ukanda mweusi wenye mng'ao hafifu, mnene zaidi katikati ya kidau kuliko pembeni. Na chini kabisa, palipogusana na kwatzi, rangi ilirudi kuwa ya kijivu. Alipiga picha na kuibandika kwenye daftari pamoja na maelezo ya mistari miwili. Katika mafungu yaliyotangulia unga ulikuwa ukimiminwa moja kwa moja ndani ya chupa na kutikiswa, hivyo tabaka hizo zilikuwa zikichanganyika kabla ya mtu yeyote kuziona.

Uamuzi wa kutenganisha tabaka

Baada ya picha hiyo, maabara ilichukua hatua ninayoiona kuwa bora kuliko zote katika kisa hiki. Badala ya kubadilisha mtambo papo hapo, ilirudia fungu kubwa kwa makusudi kwa masharti yaleyale, kisha ikachukua sampuli tatu bila kuzichanganya: ya juu, ya kati na ya chini. Kila moja ilipitishwa kwenye vipimo vyote.

Zeta ya tabaka la juu ilikuwa chanya. Zeta ya tabaka la kati ilikuwa chanya pia, kwa kiwango ambacho mtu asiyejua sampuli ipi ni ipi asingeweza kuzitofautisha. Ya chini ilibaki hasi, ingawa kwa kiwango kidogo kuliko unga wa awali. Zilipochanganywa, chembe chanya zilitawala kipimo, na kwa vile chembe hasi na chanya huvutana na kuunda mabonge makubwa yanayozama wakati wa sentrifuji, kile kilichobaki juu na kupimwa kilikuwa kimejichuja chenyewe kwa upande wa jibu lililotakiwa.

Oksijeni ilikuwa imepungua katika tabaka la juu na la kati kwa viwango vinavyokaribiana. Tofauti ilijitokeza katika spektroskopia ya Raman, inayotambua aina za kaboni kwa mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli. Kwa leza ya nanomita 325, kilele cha almasi karibu na 1330 cm⁻¹ kilionekana katika sampuli zote, lakini katika tabaka la kati mkanda mpana kati ya 1500 na 1700 cm⁻¹ ulikuwa umekua na kuhamia upande wa grafiti ukilinganishwa na unga wa awali. Ulinganisho huo na unga wa awali ni wa lazima, kwa sababu nanoalmasi za mlipuko huwa na mkanda mpana katika eneo hilo hata kabla ya kuguswa, na anayetazama spektra moja peke yake anaweza kuona grafiti mahali ambapo haipo au kuikosa mahali ilipo. Leza ya mwanga unaoonekana nayo huitikiwa na kaboni ya sp² (iliyofungwa kama ya grafiti) kwa nguvu kubwa mno kuliko na kaboni ya sp³ (iliyofungwa kama ya almasi), hivyo ingezidisha sauti ya grafiti hadi almasi isisikike.

Kilichobaki ni infraredi, ambayo ilikuwa imesema kwamba C–H ipo. Swali likawa, C–H ya nani? Pampu ya ombwe ilikuwa ya mafuta, na mvuke wa mafuta ya pampu huacha mikanda ya C–H katika eneo lilelile la 2850 hadi 2960 cm⁻¹. Maabara ilijibu swali hilo kwa njia isiyoacha mwanya: ilirudia uchakataji kwa deuteri (D), aina nzito ya haidrojeni, badala ya haidrojeni ya kawaida. Bondi ya C–D hutetema katika eneo la takriban 2050 hadi 2250 cm⁻¹, mahali ambapo mafuta ya pampu, maji na makundi ya oksijeni hayana cha kusema, na tofauti na O–D, bondi hiyo haibadilishani kirahisi na maji sampuli inapooshwa. Tabaka la juu lilionyesha C–D waziwazi. Tabaka la kati lilionyesha alama hafifu tu, ilhali mikanda ya C–H ilikuwepo vilevile kama siku zote. Kwa maneno mengine, haidrojeni iliyokuwa ikionekana katika mafungu makubwa ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ya mafuta.

Nini kilitokea ndani ya kidau

Ni vyema kuanza na hesabu, kwa kuwa ingefanywa mapema isingekuwepo haja ya kuandika kisa hiki. Almasi ina msongamano wa gramu 3.52 kwa sentimita ya ujazo. Tufe la kipenyo cha nanomita 5 lenye msongamano huo lina eneo la uso la takriban meta za mraba 340 kwa gramu. Miligramu 100 za unga, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya spatula, zina meta za mraba 34. Kipande bapa cha duara chenye kipenyo cha sentimita 5 kina sentimita za mraba 20 hivi, yaani meta za mraba 0.002. Mtambo uliokuwa ukihudumia kipande kimoja uliombwa sasa kuhudumia uso mkubwa zaidi ya mara 17,000, na kwa kuwa uso wa almasi una nafasi za bondi zipatazo 1.6 × 10¹⁹ kwa kila meta ya mraba, idadi ya atomi za haidrojeni zinazohitajika kufunika miligramu hizo 100 inafika takriban 5 × 10²⁰. Na hiyo ni kwa dhana kwamba kila atomi inayofika inafunga bondi, jambo lisilotokea, kwani nyingi hugongana na nyuso na kuungana tena kuwa molekuli.

Hapo ndipo tofauti kati ya uso na rundo inapokuwa ya maamuzi. Atomi huru ya haidrojeni inayoingia kati ya chembe za unga hugonga kuta mara nyingi mno kabla ya kusonga mbele hata kidogo, na kila mgongano ni nafasi ya kupotea. Kwa hiyo plazma huchakata ngozi nyembamba ya rundo. Joto halina kizuizi hicho. Maikrowevu hupenya ndani ya unga, na uso wa juu unaopigwa na ioni na gesi ya moto hupitisha joto kwenda chini. Matokeo yake ni eneo la kati lenye joto la kutosha kung'oa makundi ya oksijeni, lakini lisilo na atomi za haidrojeni za kujaza nafasi zinazoachwa.

Kaboksili huondoka kama kaboni dioksidi katika joto la wastani, kwa kawaida chini ya nyuzi 500 za Selsiasi. Ketoni na etha huhitaji joto zaidi na hutoka kama kaboni monoksidi. Kila kundi linapoondoka huacha bondi zilizo wazi. Zikikutana na haidrojeni, hufungwa. Zisipokutana nayo, kaboni jirani hujipanga upya na kuunda vipande vidogo vya sp², vya aina ya grafiti, juu ya kiini cha almasi ambacho hakijadhurika. Vipande hivyo vinapitisha umeme na hufyonza maikrowevu vizuri zaidi kuliko almasi, hivyo mahali palipoanza kuwa peusi ndipo panapozidi kupata joto, na joto hilo huzalisha weusi zaidi. Hilo linaeleza kwa nini ukanda mweusi ulikuwa mnene katikati ya kidau, na kwa nini kurefusha muda kuliongeza tatizo. Kinga ya plazma dhidi ya grafiti, ile iliyoaminiwa tangu enzi za vipande bapa, ilifanya kazi yake kikamilifu katika tabaka la juu tu.

Imebaki kueleza kwa nini grafiti ilitoa zeta chanya. Sababu ya kwanza ni rahisi: chaji hasi ya unga wa awali ilitokana na kaboksili, na kaboksili zimeondoka katika hali zote mbili. Ya pili ni kwamba maeneo ya sp² yana elektroni za pai zinazoweza kupokea protoni kutoka kwenye maji, hivyo chembe iliyofunikwa kwa sehemu na grafiti hubeba chaji chanya, kama ilivyoripotiwa kwa nanoalmasi zilizopashwa joto katika ombwe. Chembe yenye haidrojeni halisi hufika kwenye chaji hiyohiyo kwa njia nyingine, inayoelezwa kwa kawaida kuwa ni elektroni kuhama kutoka almasi kwenda kwenye tabaka la maji na oksijeni lililogusana nayo. Njia mbili tofauti, namba moja kwenye skrini.

Mabadiliko ya utaratibu

Kidau kiliachwa. Mahali pake uliwekwa mrija wa kwatzi unaozunguka polepole kwa mlalo, wenye vizuizi vidogo vya ndani vinavyoinua unga na kuumwaga tena, ili kila chembe ipite mbele ya plazma mara nyingi kwa vipindi vifupi. Kiasi cha unga kwa kila fungu kilipunguzwa hadi kukaribia kile cha majaribio ya mwanzo. Nguvu ya maikrowevu ilitolewa kwa mapigo, kukiwa na mapumziko ya kupoa, kwa kuwa hakukuwa na namna ya kuaminika ya kupima joto ndani ya unga: themokapo, kipimajoto cha nyaya za metali, haiwezi kuwekwa ndani ya uwanja wa maikrowevu bila kuuvuruga, na pairomita, inayopima joto kwa mng'ao wa kitu, husoma ngozi ya juu.

Utaratibu wa kuanza na kumaliza nao ulibadilishwa. Awali unga ulikuwa ukikaushwa ndani ya ombwe kwa joto la juu kabla ya haidrojeni kuingizwa, hatua iliyoonekana ya usafi lakini ambayo kimsingi ni upashaji wa ombwe, yaani mwanzo wa grafiti. Ukaushaji ulihamishiwa kwenye joto la chini. Mwishoni, unga uliachwa upoe ndani ya haidrojeni hadi ufikie joto la chumba, kwa sababu uso uliofunikwa kwa haidrojeni ukikutana na hewa ungali moto huanza kuoksidishwa upya. Pampu ya mafuta ilibadilishwa na pampu kavu.

Kwa upande wa vipimo, kila fungu liliwekewa masharti matatu: zeta chanya, mkanda wa Raman usiokua kupita ule wa unga wa awali, na mikanda ya C–H katika infraredi ya unga uliokaushwa vizuri, pamoja na fungu la deuteri kila mara mtambo unapofanyiwa matengenezo makubwa. Wakati huohuo iligundulika kwamba kutawanya unga kwa kifaa cha ultrasauti chenye ncha ya titani kulikuwa kukiacha vumbi la titani ndani ya mtawanyo. Kifaa hicho kiliachwa kwa ajili ya bafu ya ultrasauti. Alama ndogo ya silikoni iliyoonekana kwa eksirei ilihusishwa na kwatzi yenyewe, ambayo plazma ya haidrojeni huila taratibu, na ikakubaliwa kuwa gharama ya mtambo.

Matokeo

Upandikizaji kwa unga wa mrija unaozunguka ulitoa florini kwa kiwango kilichokaribiana kati ya sampuli za fungu moja, na kilichofanana na kile cha majaribio madogo ya mwanzo. Potenshali zeta ya mafungu haya mapya, mazuri, haikuwa tofauti na ile ya mafungu makubwa yaliyoshindwa. Ninalisisitiza hili kwa sababu ripoti ya ndani ya maabara iliitaja kwa sentensi moja tu katikati ya ukurasa, ilhali kwangu ndiyo sentensi yenye uzito kuliko zote humo.

Gharama ilikuwa kiasi. Mtambo mpya ulizalisha unga kidogo kwa muda mrefu, na kundi la pili lilipohitaji gramu nzima, maabara ilirudi kwenye tanuri la gesi ya haidrojeni ambalo lilikataliwa mwanzoni. Molekuli za haidrojeni hupenya ndani ya rundo pasipo kupotea njiani kama atomi huru, na japokuwa mmenyuko wake ni wa polepole, polepole hiyo husambaa sawasawa.

Uchambuzi

Nikiutazama uamuzi wa kuifanya zeta kipimo pekee, sioni uzembe. Ulitokana na data: katika mafungu madogo, kila palipokuwa na haidrojeni palikuwa na zeta chanya. Kasoro ni kwamba data hiyo ilijibu swali la upande mmoja. Hakuna jaribio lililotengenezwa kwa makusudi ili lishindwe, kwa mfano unga uliopashwa joto lilelile ndani ya ombwe bila haidrojeni, ambao ungeonyesha mapema kwamba zeta chanya hupatikana pia bila haidrojeni. Jaribio la namna hiyo lingechukua alasiri moja.

Ushahidi wa nyongeza nao ulikuwa na udhaifu uleule, na hapa nadhani ndipo penye funzo la kiufundi lisilosemwa vya kutosha. Zeta, oksijeni iliyoshuka na C–H ya infraredi zilihesabiwa kama mashahidi watatu. Lakini zeta na oksijeni zote mbili zilikuwa zikisema jambo moja, kwamba makundi ya oksijeni yameondoka. Spektroskopia ya elektroni kwa eksirei haioni haidrojeni kabisa, kwa vyovyote vile. Na shahidi wa tatu alikuwa akizungumzia mafuta ya pampu. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa moja kwa moja kama kuna haidrojeni iliyofungwa kwenye kaboni ya almasi. Deuteri iliuliza hivyo, na ndiyo maana ilimaliza mjadala.

Kuhusu ongezeko la kiasi, ninatofautiana kidogo na maabara, ambayo ripoti yake ilililaumu kama chanzo cha tatizo. Kuongeza kiasi hakukuepukika, kwa kuwa mradi ulihitaji unga. Kilichokosekana ni kuutambua unene wa tabaka kama kigezo cha uchakataji, chenye hadhi sawa na shinikizo au nguvu, kinachoandikwa kwenye daftari na kubadilishwa hatua kwa hatua. Daftari za mafungu makubwa zinaonyesha uzito wa unga hadi miligramu, shinikizo, mtiririko wa gesi na muda hadi sekunde. Unene wa unga ndani ya kidau haupo popote.

Kilichofanya kazi vizuri ni utamaduni wa daftari. Picha ya fundi iliwekwa mahali ambapo mtu mwingine angeiona, pamoja na tarehe na namba ya fungu, na ilisomwa. Katika maabara ambako mafundi hawaandiki kwenye daftari la mradi, ukanda ule mweusi ungetikiswa ndani ya chupa kama iliyotangulia, na kundi la pili lingeendelea kubadilisha taa.

Mafungu ya zamani hayakutupwa. Yaliandikwa upya kuwa nanoalmasi zenye uso wa grafiti kwa sehemu, ambazo zina matumizi yake, na yakahamishiwa kwenye kazi nyingine. Tatizo moja halijapata ufumbuzi: mrija unaozunguka hurusha unga mwepesi, na sehemu yake huishia kwenye chujio lililo mbele ya pampu. Unga huo hukusanywa na kupimwa uzito, lakini haurudishwi kwenye fungu, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema ulikaa mbele ya plazma kwa muda gani.